Sahihi Tisa za Bi Loreni

Nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani na keki. Saa inakwenda vizuri, na keki haikufika kesho yake. Siku ile ile Fauzia, ambaye sasa anakalia kiti changu, aliniambia, "Dada Wakesho, utuandikie basi, usituache hivi hivi." Nikamjibu kwamba sheria za kodi zimeandikwa tayari, tena kwa urefu wa kuchosha. Akasema hataki sheria, anataka yale ambayo sheria haikuyaandika. Basi haya hapa. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Vyeo nilivyopata vilikuwa viwili, na mshahara mnaujua, maana haukupishana sana na huo wenu.

Kwa atakayeokota karatasi hizi bila kutujua: ofisi yetu iko Kiembeni, ghorofani, juu ya duka la dawa. Kazi yetu ni kuwapangia kodi Wamarekani waliohamia huku pwani na wanaotaka kuhamia. Watu wakisikia hivyo hucheka. Mmarekani amekuja kuishi Shanzu, wanauliza, kodi ya Marekani ya nini tena? Hata wateja wetu huanza na swali hilo. Jibu ni kwamba Mmarekani, hata ahamie mwezini, kila mwaka sharti aiandikie serikali yake amepata nini na kimewekwa wapi. Kodi yao haifuati makazi, inafuata pasipoti. Mzee mmoja aliyestaafu akajenga Shanzu alinigombeza nusu saa nzima. "Lakini mimi nimehama!" Nikamwambia, "Umehama wewe, bwana. Pasipoti yako haijahama." Akaomba maji, na tangu hapo alikuwa mteja wangu mpaka nilipostaafu.

Mimi ni Mtaita wa Changamwe. Baba alikuwa fundi wa reli, na mimi nilianza kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini, nikijaza fomu za watu waliokuwa wakinipigia kelele. Siku moja akaja mzee mwembamba wa Kibohora, shati jeupe, kofia ya kufuma yenye uzi wa dhahabu, anafuatilia kasha la vitabu. Nikamwonyesha kwamba tarehe mbili kwenye fomu yake hazikubaliani. Hakunishukuru. Aliniuliza, "Hapa unafurahia kazi?" Nikasema la. Juma lililofuata nilikuwa Kiembeni.

Huyo ndiye Bwana Taher. Alikuwa mhasibu wa hoteli, na kodi za Marekani alizifuata kwa sababu ya mpishi mmoja Mmarekani wa huko Shanzu, aliyekuwa akipokea barua kutoka kwao na kuziweka kwenye droo bila kuzifungua. Bwana Taher alizifungua. Kisha akaagiza vitabu, akasoma miaka miwili, akaenda kufanya mtihani ng'ambo, akarudi na cheti alichokitundika msalani. Mahali pengine popote, alisema, watu wangekiona wakadhani anajivuna.

Siku yangu ya kwanza hakunipa meza. Alinipa pasipoti ya mteja, kioo cha kukuzia na kalenda ya ukutani. "Hesabu siku alizokaa nje ya Marekani mwaka huu." Nilihesabu asubuhi nzima, maana mihuri mingine ilikuwa imelowa jasho la mfuko wa suruali ikawa kama madoa ya chai. Nikapata siku mia tatu thelathini na tatu. Sheria, akanieleza, inataka siku mia tatu na thelathini katika miezi kumi na miwili, ili mshahara alioupata huku usitozwe kodi kule. Nikafurahi kwamba mteja amepita. Bwana Taher akaangalia kalenda. "Siku za kusafiri umezihesabu?"

"Nimezihesabu. Si alikuwa huku asubuhi?"

"Asubuhi. Sheria yataka siku nzima, kutoka usiku wa manane hadi usiku wa manane. Safari mbili, kwenda na kurudi, ni siku nne. Una mia tatu ishirini na tisa."

Siku moja tu imepungua. Nilihisi vibaya kama aliyempoteza mtoto wa watu sokoni. Kisha yeye akachukua rula, akaiweka juu ya Januari, na akaanza kuisogeza taratibu. Februari. Machi. Akasimama. "Miezi kumi na miwili inayofuatana," alisema. "Hakuna mahali walipoandika lazima ianze Januari." Tukihesabu kuanzia tarehe kumi ya Machi, safari moja inabaki nje, na yule mteja ana siku za kutosha na za kumwaga. Sheria ilikuwa ile ile, siku zilikuwa zile zile, tulichosogeza ni rula. Nilicheka peke yangu mpaka mwenye duka la dawa akauliza juu kuna nini. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote kwa ajili ya furaha ya asubuhi ile, na nawaambia wazi, haikuchuja.

Vifaa vyetu mnavijua. Penseli laini, kwa sababu kila kitu kinafutwa angalau mara moja. Kioo cha kukuzia, ambacho Fauzia anakidharau kwa kuwa ana simu. Taa ya betri, kwa siku zile umeme unapokatika saa moja kabla ya siku ya mwisho. Na kalamu moja ya wino mwekundu, ambayo nitaieleza mbele, maana wengi wenu mnadhani ni ya kusahihishia watu.

Lakini kifaa kikubwa Bwana Taher alinipa kwa maneno. "Usimwulize mteja ana nini," alisema. "Hajui ana nini. Mwulize jana alifanya nini." Niliona ni maneno ya mzee mwenye muda. Kisha akaja bwana mmoja aliyeapa hana kipato chochote Kenya, hata shilingi. Nikamwuliza jana alifanya nini. "Jana nilichoka kabisa," akasema, "nilishinda nagombana na mpangaji." Mpangaji gani? Wa nyumba ya pili. Ya kwanza mpangaji wake hana matata.

Na jingine: anayekuja kabla ya kuhama tunampangia, anayekuja baadaye tunamtibu. Mume na mke mmoja walikuja kwetu wakiwa watalii, wamevaa kaptura, wanataka kujua itakuwaje wakifungua nyumba ya wageni. Tulikaa nao siku tatu. Tukawaambia wasiandikishe kampuni kwanza, kwa sababu fomu ya Mmarekani mwenye kampuni ya nje ni ndefu kuliko ndoa nyingi. Tukawaambia lini wauze nyumba yao ya kule, na wabaki na akaunti gani. Walipohama hawakuwa na la kuuliza isipokuwa wapi panauzwa mahamri mazuri. Wateja kama hao ni wachache, na hawana hadithi. Hadithi zote ziko kwa wale wa baadaye.

Bi Loreni alikuwa wa baadaye. Alipanda ngazi zetu miaka michache kabla sijastaafu, wakati Bwana Taher alikuwa akija siku mbili tu kwa juma. Ni Mmarekani mweusi wa majimbo ya kusini, mwalimu, aliyeolewa na Bakari, fundi wa umeme wa meli, akahamia kwa kina Bakari huko Likoni. Mimi Mpwani wa kuzaliwa nilisalimiwa naye mpaka nikaishiwa majibu. Aliniuliza hali, watoto, wazee, na mguu wa mwenye duka la dawa aliyemkuta chini anachechemea. Kisha akaketi na kusema kwa sauti ndogo kwamba tangu aolewe, miaka kumi na mmoja, hajaiandikia Marekani chochote.

Alikuwa akifundisha shule ya binafsi hapo Likoni, na kodi ya Kenya ilikatwa kila mwezi. Binamu yake alikuwa amemwambia kwamba mwenye mshahara mdogo hana haja ya kupeleka ritani, ile taarifa ya kodi ya kila mwaka. Kwa Mmarekani aliyeolewa na asiye Mmarekani, na anayejaza fomu peke yake, kiwango cha kuanza kupeleka ritani ni dola tano. Nilizitamka polepole, dola tano, nikaona macho yake yakitafuta mlango. Nikamtuliza. Kodi yenyewe hatadaiwa, mshahara wake utapita kwa zile siku mia tatu na thelathini. Tena kuna njia ya aliyekosea kwa kutojua: ritani za miaka mitatu, ripoti za akaunti za nje za miaka sita, na barua ya kueleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini hakuziwasilisha. Mshahara wake hautoshi kujaza akaunti, kwa hiyo hizo ripoti za akaunti huenda asizihitaji kabisa. Akavuta pumzi. Na mimi nikakumbuka nilivyofunzwa.

"Jana ulifanya nini, Bi Loreni?"

"Jana nilikwenda benki."

"Kufanya nini?"

"Kutia sahihi hundi ya sanda. Kumefiwa mtaa wa nyuma."

"Hundi ya nani?"

"Ya chama chetu cha maziko."

"Na juzi?"

Juzi pia alikuwa benki, kwa chama cha wauza samaki. Juma lililopita ilikuwa chama cha madrasa. Tulipomaliza kuhesabu zilikuwa akaunti tisa, za vyama tisa vya wanawake wa Likoni, na katika kila moja Bi Loreni alikuwa mmoja wa watia sahihi watatu.

Nilimwuliza imekuwaje. Akacheka. Likoni ile, alisema, kila mtu ni shangazi wa mtu. Mtia sahihi ana wifi, wifi ana shida, wifi anakuja alfajiri na kilio, na kufika adhuhuri pesa za mazishi zimekuwa karo. Ndipo wanawake wakagundua kwamba mke wa Bakari ni mtu pekee mtaani asiye na shangazi wala mjomba wa kumlegeza mkono. Chama kimoja kilimwomba. Cha pili kikasikia. Kufika mwaka wa nne walikuwa wakimpigania. "Dada Wakesho, nilipoolewa walikuwa wananiita mgeni wa Bakari," alisema. "Siku waliponipa sahihi ya kwanza, nililia huko benki."

Ilinibidi nimwambie. Ripoti ya akaunti haihusu pesa zako tu. Inahusu kila akaunti ya nje ambayo mkono wako unaweza kutoa pesa, hata kama senti moja si yako, na zote zikijumlishwa zikipita dola elfu kumi wakati wowote wa mwaka, zote zinaandikwa. Vyama tisa vilikuwa vimepita zamani. Na faini ya kutoandika ni ya kutisha, mshahara wake wa mwaka usingeifikia.

"Basi nijitoe," alisema.

"Ukijitoa leo, miaka sita ya nyuma bado ipo."

Kilichotakiwa sasa ni kiasi kikubwa kabisa kilichowahi kuwamo katika kila akaunti kila mwaka. Fomu ina kisanduku cha kusema kiasi hakijulikani. Lakini kisanduku hicho ni cha asiyejua, si cha aliyeogopa kuuliza. Kwa hiyo tulihitaji taarifa za benki kutoka kwa makatibu tisa. Bi Loreni aliona haya kuwauliza. Nikamwambia aniachie mimi. Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote katika kazi yangu, na nililifanya kwa mwandiko mzuri.

Niliandika barua. Tisa, kwenye karatasi yenye nembo ya ofisi, zenye namba ya kumbukumbu, zenye maneno "serikali ya Marekani" mstari wa pili na "ndani ya siku kumi na nne" mstari wa mwisho. Nikazituma kwa tuktuk. Mimi niliyezaliwa Changamwe, niliyekuzwa na majirani Waswahili, nilisahau kwamba kwetu huku mtu mwenye haja na wewe huja. Hupiga hodi, husalimu, huketi, hupewa maji, huulizwa habari za nyumbani, na haja yake hutoka mwisho kabisa, akiwa ameshika kitasa cha mlango anataka kuondoka. Barua huandikiwa yule unayetaka kumshtaki.

Siku ya nne Bi Loreni alipanda ngazi zetu bila kusalimu mtu. "Wamenitoa," alisema.

Barua ilikuwa imesomwa kwa sauti mbele ya chama cha maziko. Mwenyekiti wa chama hicho ni Bi Mwanatumu, na Bi Mwanatumu ni mamake Bakari, mkwewe Loreni, anayekaa naye ua mmoja. Kufika magharibi Likoni nzima ilijua kwamba Marekani inakuja kuchukua pesa za sanda. Bi Mwanatumu akaitisha kikao, akaamuru jina la mkwewe lifutwe kwenye akaunti, na vyama vingine vinane vikawa vinajiandaa kumfuata. Nyumbani alikuwa bado akimpakulia wali, lakini jambo lile hakuligusia.

"Miaka kumi na mmoja," alisema Bi Loreni. "Na sasa nimerudi kuwa mgeni wa Bakari." Hakulia. Ningependa angelia, ningejua la kufanya. Faini, alisema, hata haikumbuki tena.

Nilimsimulia Bwana Taher, nikitarajia anitetee. Alisoma nakala ya barua yangu, akaipongeza kwa kukosa makosa ya chapa. Kisha akasema, "Uliipeleka kwa tuktuk. Wewe nenda kwa miguu."

Nilivuka kwenda Likoni Jumatano baada ya alasiri, na khanga mpya kwenye mkoba kwa ajili ya mwenye nyumba. Ua wa Bi Mwanatumu ulikuwa umetandikwa mikeka kwa kikao cha vyama vyote tisa, na wanawake walikuwa wengi kuliko nilivyotaka waione aibu yangu. Bi Loreni alikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, amejikunja.

"Hodi wenyewe."

"Karibu," ilijibu sauti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiwe mwenye barua?" Bi Mwanatumu ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini inayokulazimisha unyamaze ili uisikie.

"Ndimi, mama."

"Keti basi. Unywe maji kwanza, kesi haikimbii."

Nikanywa maji. Nikaulizwa nyumbani kwetu wapi, baba alikuwa nani, reli aliifanyia kazi karakana gani. Mama mmoja alimkumbuka baba, au alisema anamkumbuka. Dakika arobaini tulizungumza kila kitu isipokuwa kilichonileta, na nilihisi mabega yangu yakishuka. Ndipo Bi Mwanatumu akasema, "Haya. Hiyo Amerika yenu yataka nini na sanda zetu?"

Nilikuwa nimejiandaa na maelezo ya kisheria, nikayaacha mkobani. "Mama, haitaki kitu. Marekani huwauliza watu wake waliohama swali moja. Mwanangu, huko uliko, nyumba za watu ulizokabidhiwa ufunguo ni ngapi, na ndani mna nini? Haiji kuchukua. Yataka tu kujua mwanawe ameaminiwa na nani."

"Kwa hivyo sanduku la chama hailigusi."

"Hailigusi."

"Na asiposema?"

"Asiposema, yeye ndiye atakayepigwa faini. Nyinyi hamguswi hata kidogo."

"Mbona barua yako haikusema hivyo?"

"Niliandika kisomi, mama. Nisameheni."

Wakacheka, na kicheko kile kilinipa pumzi. Lakini Bi Mwanatumu hakucheka. Alikuwa akinitazama. "Kwa hivyo nikimtoa, hapati salama?"

Sikumwelewa mara moja. "Salama gani, mama?"

"Barua yasema serikali. Yasema siku kumi na nne. Mimi nikajua wamemshika mwanangu kwa sababu yetu. Twamfanya atie sahihi, twamtwika mizigo isiyo yake, na sasa watamfunga huko kwao kwa pesa za sanda. Nikasema nimtoe upesi kabla hawajafika, wakija wasimkute." Akageuka kuelekea mlango wa jikoni. "Wewe wadhani nilikutoa kwa nini?"

Bi Loreni alisimama. Alifungua mdomo, na Kiswahili chote kile cha salamu ndefu kikamkimbia. "Nilidhani hamnitaki," alisema.

"La haula," alisema Bi Mwanatumu. "Mtu anakupakulia wali kila siku na hakutaki?"

Hapo alilia, na kumbe sikujua la kufanya, lakini hawakunihitaji. Walikuwa wengi wa kufanya. Mimi nilivua miwani, nikaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyochafuka.

Mambo yalipotulia, mama mmoja wa chama cha wauza samaki alinyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Dada, hiyo fomu, mume wangu ataiona?"

"Haiendi kwa mume. Inakwenda Marekani peke yake."

"Wallahi?"

"Haki ya Mungu."

"Basi Amerika na ijue," alisema. "Wa kwangu asijue."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa likiwazuia makatibu. Baada ya hapo taarifa za benki zilianza kuwasili kabla chai haijapoa. Moja ilitoka ndani ya foronya ya mto. Moja ilitoka kwenye kopo la mchele, ikaanguka na punje zake. Ya wauza samaki ilikuwa chini ya friza, ndani ya mifuko mitatu ya plastiki, nami niliipokea ikiwa baridi na yenye harufu ya kazi. Nilipiga picha karatasi zote pale pale mkekani, wakinisomea tarehe kwa zamu, na waliokosa miaka fulani wakaahidi kwenda benki Alhamisi. Walikwenda kweli. Bi Loreni alirudishwa kwenye akaunti ya sanda kwa kikao kilichochukua dakika moja, na katibu aliandika kumbukumbu yake kwa furaha mpaka akatoboa karatasi.

Kabla sijaaga nilikumbuka kisanduku kimoja. Kwa kila akaunti isiyo yako, fomu inauliza cheo chako kwa wenye akaunti. Nikawauliza wale mama: Loreni ni nani kwenu? Si mwenyekiti, katibu, wala mweka hazina. Huyu akasema mtia sahihi, yule akasema mwaminifu wetu, ikawa mabishano. Bi Mwanatumu aliinua mkono.

"Andika: mwana wa nyumba."

"Mama, hicho si cheo cha ofisini."

"Wameuliza ni nani kwetu, au hawakuuliza?"

"Wameuliza."

"Basi hilo ndilo jibu. Na wale wa vyama vinane vingine waseme kama wana jingine." Hakuna aliyekuwa na jingine.

Majuma mawili baadaye Bi Loreni alikuja Kiembeni kumaliza. Ritani tatu zilitakiwa zipelekwe kwa karatasi, na juu ya ukurasa wa kwanza wa kila moja huandikwa kwa wino mwekundu kwamba ni za ile njia ya aliyekosea kwa kutojua. Hiyo ndiyo kazi ya ile kalamu, wala msiitumie kwa mengine. Barua yake ya maelezo ilikuwa ya kurasa mbili, nami sikugusa neno. Aliandika kwamba hakujua, kwamba aliona haya, na kwamba hizi akaunti alipewa na watu waliomwamini kwa sababu hakuwa na jamaa, na sasa hawezi tena kudai kuwa hana jamaa.

Ripoti za akaunti hupelekwa kwa mtandao. Tulizijaza kwa saa nne, miaka sita, akaunti tisa, na kila tulipofika kwenye kisanduku cha cheo nilichapa maneno yale yale matatu, kwa Kiswahili, maana sikuona neno lao linalotosha. Bi Loreni aliomba aguse mwenyewe kitufe cha kutuma. Alikigusa, akakaa akitazama kioo cha kompyuta.

Katika kazi yetu kimya ndicho jibu zuri. Idara yao ya kodi haikuandika, faini haikuja, na kila mwaka tangu hapo tumepeleka ripoti nyingine, sasa akaunti ni kumi na moja. Mpaka nilipostaafu, hakuna mtu hata mmoja wa Marekani aliyeniandikia kuuliza mwana wa nyumba ni cheo gani.